Weka Hapo Kwanza

Ukikaa nusu saa kwenye karakana ya useremala utayasikia maneno haya: "Weka hapo kwanza." Ubao unaegemezwa mlangoni kwanza, waya wa mashine unakatiza njia kwanza, kopo la thina linaachwa wazi kwanza. Saa moja baadaye msaidizi anapita na ubavu wa kitanda begani, waya hauoni, anajikwaa, na mkono unaotafuta pa kushika unaangukia kwenye msumeno.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka uchafu uondolewe kila siku sakafuni, mezani na kwenye njia za kupita. Kwa kazi ya mbao, naona kila siku haitoshi. Maranda ya tangu asubuhi huficha vipande na misumari, tena huteleza, hasa kwa fundi mwenye kandambili (na wengi wetu tunazivaa). Fagia kila kazi inapobadilika. Zima mashine kwanza, na hiyo ndiyo "kwanza" pekee ninayoikubali. Subiri msumeno usimame kabisa, ndipo uokote vipande.

Vumbi ni kesi nyingine. Mafundi hulipuliza kwa kompresa, wengine hujipuliza hadi nguo walizovaa, wakadhani wamesafisha. Kumbe limehama tu kutoka sakafuni kwenda mapafuni. Vumbi la mbao limethibitishwa kusababisha saratani ya pua. Likitanda hewani kwa wingi, cheche moja yaweza kulilipua. Tumia mashine ya kufyonza. Kama huna, nyunyiza maji kidogo mbali na umeme, kisha fagia taratibu.

Mbao kuukuu zing'olewe misumari kabla hazijalazwa chini. Waya upitishwe juu, ufungwe kwenye boriti.

Matambara yaliyofutia mafuta ya kitani usiyarundike pembeni: yakikauka hutoa joto, na rundo laweza kushika moto lenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja hadi yakauke, au yatumbukize kwenye ndoo ya bati yenye maji na mfuniko.

Halafu tazama mtungi wa kuzimia moto ulipo. Mara nyingi upo, umetundikwa vizuri ukutani, ila mbele yake limesimama kabati linalomsubiri mteja amalizie malipo. Lihamishe leo.