SOMO LA FAMILIA: MWENZI WA MIAKA MINGI NA AFYA YA NAFSI

Masomo ya kusoma nyumbani: Mwanzo 2:18, Mhubiri 4:9–12, Waefeso 4:26–32

Safari hii tunazungumza juu ya jambo tunaloliishi kila siku lakini tunaliongea mara chache: kukaa na mtu mmoja kwa miaka mingi kunafanya nini ndani ya akili na mwili wa mtu?

Mambo ya harusi tunayajua. Kuna barua ya posa, mahari, kamati, mafundisho ya wachumba, nyimbo na pilau. Lakini miaka 15 au 20 baadaye, baada ya kukimbia vita, kuvuka mpaka na watoto mgongoni, na kuzoea kulala chini ya turubai, ni nani anayetufundisha tena? Wengi hubaki na neno moja tu: vumilia. Kuvumilia ni kuzuri, lakini peke yake hakutoshi. Lazima tuelewe kinachotendeka ndani yetu.

Jambo kuu la somo hili ni hili: mwenzi wa miaka mingi si mtu anayekaa karibu nawe tu. Polepole anaingia katika namna unavyotulia, unavyokumbuka, na hata namna mwili wako unavyopona. Kwa hiyo amani ya nyumbani ni dawa, dharau ya nyumbani ni ugonjwa, na kumpoteza mwenzi ni kukatwa sehemu ya nafsi yako.

1. MKONO WA MWENZI HUTULIZA HOFU

Mwaka 2006 mtafiti James Coan na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Wisconsin, Marekani. Walichukua wanawake 16 walioolewa, wakawalaza mmoja mmoja ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo ukifanya kazi. Kila mmoja aliambiwa kwamba wakati fulani angeweza kupigwa shoti ndogo ya umeme mguuni. Mara nyingine alikuwa peke yake, mara nyingine alishikwa mkono na mtu asiyemjua, na mara nyingine alishikwa mkono na mumewe.

Alipokuwa peke yake, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilifanya kazi sana. Mkono wa mgeni ulipunguza hofu kidogo. Mkono wa mume uliipunguza zaidi. Na wale waliokuwa na ndoa njema kuliko wengine ndio waliotulia kuliko wote. Mume hakuwa amesema neno, wala hakuizuia ile shoti. Alishika mkono tu.

Sisi tuliopita usiku wa risasi tunalielewa jambo hili bila mashine. Wako kati yetu wanaoshtuka usiku wakisikia mlango unagongwa, au wanaoota ndoto za yale waliyoyaona. Mwenzi anapoamka, akaweka mkono begani na kusema, "Niko hapa, tuko salama, lala," anafanya kazi ya uponyaji. Asiseme, "Wewe nawe umezidi na ndoto zako." Mhubiri aliona zamani kwamba wawili wakilala pamoja hupata joto, lakini aliye peke yake atalipataje?

2. KUMBUKUMBU MOJA KATIKA VICHWA VIWILI

Katika miaka ya 1980 Mmarekani Daniel Wegner alieleza kwamba watu waliokaa pamoja muda mrefu hugawana kazi ya kukumbuka. Hawakai chini kupanga. Inatokea yenyewe. Baba anakumbuka njia, bei ya mbegu na nani anamdai nani. Mama anakumbuka tarehe za kliniki, majina ya shangazi wote, na mtoto yupi huumwa akila karanga. Kila mmoja anajua la kumwuliza mwenzake.

Ndiyo maana wengi wetu tunapoitwa ofisini kuhojiwa, kila mtu mzima peke yake, tunahisi kama tumeingia na nusu ya kichwa. Afisa anauliza: mlivuka mpaka tarehe ngapi? Unageuza shingo kumtafuta mwenzako, naye hayupo. Huo si uongo wala ujinga. Ni kawaida ya watu waliokaa pamoja. Sema ukweli kwa utulivu: "Tarehe hiyo siikumbuki." Usibuni tarehe ili ufanane na mwenzako.

Na kwa sababu hiyo mjane au mgane anapofiwa hupoteza vitu vingi kwa siku moja. Anapoteza mtu, na pamoja naye anapoteza nusu ya habari za maisha yake. Tukimwona anasahau mambo, tusiseme amechanganyikiwa. Mwaka 1967 madaktari Thomas Holmes na Richard Rahe walitoa orodha ya matukio 43 yanayomlemea mtu, kila tukio na alama zake. Kufiwa na mume au mke kulikuwa juu kabisa, alama 100. Talaka ilifuata kwa alama 73.

3. UGOMVI WENYE CHUKI HUINGIA MPAKA KWENYE NGOZI

Je, kukaa pamoja muda mrefu peke yake kunatosha? Hapana. Huko Ohio, Marekani, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliwachunguza wanandoa 42. Waliwatia vidonda vidogo kwenye ngozi ya mkono, kisha wakaangalia vinavyopona. Mara ya kwanza wanandoa walizungumza kwa kusaidiana. Mara ya pili walizungumza juu ya jambo wanalogombania. Matokeo yalitolewa mwaka 2005: baada ya mazungumzo ya ugomvi vidonda vilichelewa kupona. Na wale waliosemezana kwa uadui mwingi, vidonda vyao vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya kasi ya wale wenye uadui kidogo.

Ndugu msomaji, fikiri vizuri. Maneno ya ugomvi yalichelewesha kidonda cha mkononi! Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kumbe ulimi unaweza kuchelewesha hata kidole kupona.

Angalieni, hatusemi wanandoa wasikosane. Mtafiti John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miaka mingi huko Seattle, aliona kwamba hata ndoa zinazodumu zina ugomvi. Lakini katika ndoa hizo, hata wakati wa kubishana, kwa kila jambo moja baya kulikuwa na kama mambo matano mema: tabasamu, kuitikia, kukubali kosa, mzaha mdogo, neno la upole. Kilichoharibu ndoa kuliko vyote kilikuwa dharau: kumdhihaki mwenzako, kumwiga kwa kejeli, kumpindulia macho, kumwita mtu bure mbele ya watoto.

4. MAISHA YA UKIMBIZI YANAPOINGIA NDANI YA NDOA

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Simon Turner kutoka Denmark alikaa na wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Lukole, Ngara, Tanzania. Huko alisikia neno ambalo wengi wetu tumelisikia kwingine: kwamba UNHCR ndiye mume bora. Ndiye anayeleta unga, mafuta, sabuni na turubai. Sasa mume wa nyumbani ni wa kazi gani?

Neno hilo watu hulicheka, lakini lina kidonda ndani yake. Mwanamume aliyekuwa na shamba, ng'ombe au duka anajiona hana kitu. Wengine hunyamaza, wengine hunywa, wengine huinua mkono. Mwanamke naye amebeba kuni, maji, foleni na watoto, na jioni hana nguvu ya kumbembeleza mtu mzima. Mgao ukipunguzwa, kila mmoja anamtazama mwenzake kana kwamba yeye ndiye aliyeupunguza.

Hapa panahitajika kutenganisha mambo mawili. Njaa na kungoja bila kujua mwisho ni adui kutoka nje. Mwenzako si adui huyo. Wanandoa wanaoweza kusema, "Tatizo liko pale, na sisi wawili tuko huku," wamepiga hatua kubwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini tuseme jambo moja waziwazi. Anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie kwa sababu ndoa ndefu ni njema kwa afya. Wema hauko katika urefu wa ndoa. Huko Boston, Marekani, uchunguzi ulioanza mwaka 1938 uliwafuata wanaume 724 kwa miaka mingi, tangu ujana hadi uzee. Walioridhika na mahusiano yao walipokuwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema kuliko wengine walipofika miaka 80. Na wazee waliokuwa na ndoa zenye uchungu, siku mwili ulipouma, nafsi nayo iliongeza maumivu. Nyumba yenye kipigo haimtunzi mtu. Anayepigwa aende kliniki, aende ofisi ya ulinzi, na viongozi wa kanisa wamsindikize. Wasimrudishe tu na maombi.

5. MWENZI ASIYEJULIKANA ALIKO

Sasa tuwafikie wale ambao mafundisho mengi ya ndoa huwaruka. Katika kila ibada yetu wako wanaokaa peke yao kwenye benchi, si wajane wala si wenye ndoa. Mlitengana njiani, usiku, kila mtu na mtoto wake. Hakuna aliyeuona mwili, na hakuna aliyepokea simu. Miaka imepita.

Mtafiti Pauline Boss wa Minnesota, Marekani, alianza katika miaka ya 1970 kuzifuatilia familia za askari waliopotea katika vita vya Vietnam. Aliona kwamba huzuni ya namna hii ni tofauti na msiba wa kawaida. Hakuna kaburi, hakuna matanga, hakuna siku ya kumaliza kilio. Moyo unabaki mlangoni: ukilia, unajiona umemzika mtu aliye hai, na ukicheka, unajiona umemsaliti. Uamuzi mdogo tu, kama kutoa nguo zake sandukuni, unakuwa mzito mno. Boss alifundisha kwamba mtu huyu si mgonjwa wala hana imani haba. Hali yenyewe ndiyo isiyo ya kawaida.

Tumsaidieje? Tusimwambie, "Amekufa huyo, sahau." Wala tusimwambie, "Atarudi tu, amini." Boss alionyesha kwamba watu hawa hupata nafuu wanaporuhusiwa kushika mambo mawili pamoja: huenda amekwenda, huenda atarudi. Na huku wakingoja, maisha yaendelee: mtoto aende shule, shamba lipaliliwe, sikukuu isherehekewe. Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana. Kuandikisha jina la mwenzi wako kwao si kukata tamaa, wala si kujidanganya. Na kanisa linaweza kuwataja waliopotea kwa majina katika maombi, ili huzuni hiyo ipate mahali pa kukaa.

6. JE, MAPENZI HUISHA?

Vijana huuliza hivi, na wazee hukwepa. Mwaka 2012 Bianca Acevedo, Arthur Aron na wenzao walichapisha utafiti juu ya watu 17 waliokuwa katika ndoa kwa wastani wa miaka 21 na waliosema bado wanawapenda sana wenzao. Walipoonyeshwa picha ya mwenzi, sehemu za ubongo zinazohusika na furaha na hamu ziliamka, kama ilivyoonekana kwa wapenzi wapya. Ziliamka pia sehemu zinazohusika na kushikamana na kutulia. Basi si lazima mapenzi yaishe. Yanaweza kuwa moto ambao hauchomi tena, bali unapika.

Tafiti hizi nyingi zilifanyika Marekani, kwa watu waliokaa kwao. Sisi tuna mizigo ambayo wao hawakuwa nayo. Lakini kutiana moyo hakuhitaji kadi ya mgao wala kibali cha kutembea. Mambo haya manne tuyajaribu juma hili:

(a) Kila jioni mshikane mikono dakika chache kabla ya kulala, hata kama mchana mlikosana.
(b) Kila mmoja ataje jambo moja jema ambalo mwenzake amelifanya siku hiyo, na watoto wasikie.
(c) Ugomvi ukipanda, mmoja aseme, "Tupumzike kidogo, tutarudi." Kisha mrudi kweli.
(d) Kila familia imtembelee mtu mmoja aliyefiwa au aliyepotelewa na mwenzi, na imwache aeleze habari za mwenzi huyo kwa jina lake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Ni jambo gani unalolikumbuka wewe, na ni lipi analolikumbuka mwenzako? Mmewahi kushukuriana kwa hilo?
2. Ni maneno gani ya dharau tuliyoyazoea hata hatuyasikii tena?
3. Katika kikundi chetu, nani anangoja mwenzi asiyejulikana aliko? Tumekuwa tukimwambia nini?
4. Baba ambaye hana kazi wala shamba, anaijenga nyumba yake kwa njia gani?

Mwisho, wapendwa, nyumba zetu za udongo na turubai zinaweza kubomolewa wakati wowote, na hatujui mwaka ujao tutakuwa wapi. Lakini kile ambacho watu wawili wamekijenga ndani ya nafsi zao kwa miaka 20 walikibeba walipovuka mpaka bila mzigo wowote kichwani. Tukitunze. Bwana azibariki nyumba zenu.