Pango la Noeli kwa Karatasi
Somo kwa jamaa wakati wa Majilio



Wasomaji wapenzi, kila mwaka Majilio yakaribiapo, akina baba na akina mama wa Bengamisa hunijia baada ya Misa na kuniuliza: «Mwalimu, tutapambaje nyumba yetu siku ya Noeli? Mapambo ya mjini yana bei.» Kweli yana bei. Kutoka kwetu mpaka Kisangani ni kilometa 50 hivi kwa barabara ya Buta, na mtu apandaye pikipiki kwenda kununua nyota ya plastiki huwa amekwisha kutumia fedha ya chumvi na sabuni kabla hajaiona nyota yenyewe.

Basi leo nataka kuwafundisha kutengeneza pango la Noeli kwa karatasi. Ni kazi ambayo jamaa nzima yaweza kuifanya katika Dominika nne za Majilio, karibu bila fedha. Tena nataka kuwaonyesha kwamba kazi hii si mchezo wa watoto tu. Yaweza kuuliza nyumba zetu swali ambalo hatupendi kuulizwa.

I. Pango la kwanza

Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliomba atayarishiwe hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Hakukuwa na sanamu hata moja. Watu wa kijiji walikuja usiku na mienge, Misa ikasomwa juu ya hori lile, naye Fransisko aliyekuwa shemasi akaimba Injili na kuhubiri. Tarehe 1 Desemba 2019 hayati Papa Fransisko alikwenda huko huko Greccio, akatia sahihi barua yake juu ya pango la Noeli, akizitia moyo jamaa zisiiache desturi hiyo nyumbani. Tarehe hiyo hiyo sisi wa Kongo twamkumbuka Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964.

Mwangalie jambo moja: Fransisko alitumia vitu vya kijiji kile. Kwa hiyo mtu wa Bengamisa asione haya kutumia vitu vya kijiji chake. Injili yenyewe haitaji ng'ombe wala punda kando ya hori. Wakristu wa zamani waliwatoa kwa nabii Isaya, anenaye kwamba wanyama hao humjua bwana wao, hali watu hawamjui. Watoto wetu wengi hawajaona punda tangu kuzaliwa. Mbuzi na kuku wakisimama karibu na hori, hawatamwudhi Mtoto Yezu.

II. Vifaa

Karatasi. Wekeni daftari zilizokwisha, kalenda ya mwaka uliopita, na hasa mfuko wa simenti, ule wa karatasi. Ukung'uteni nje, watoto wakiwa mbali, kwa maana vumbi la simenti huunguza macho na ngozi. Kisha tumieni karatasi ya katikati, ambayo haikugusa simenti.

Gundi. Tieni vijiko viwili vya unga wa mihogo katika kikombe cha maji baridi, mkoroge mpaka mabonge yaishe. Wekeni motoni, mkikoroga daima, mpaka uwe mzito na kung'aa. Gundi hii yafaa siku moja au mbili, kisha huchacha.

Rangi. Makaa yaliyosagwa hutoa nyeusi, maji ya majani mabichi yaliyotwangwa hutoa kijani, na ule unga mwekundu wa mti, ambao bibi zetu walijipaka, hutoa nyekundu.

Makasi moja yatosha kwa nyumba nzima. Wembe ni wa mkono wa mkubwa.

III. Kazi ya Dominika nne

Dominika ya kwanza: nyota. Twaa karatasi ya mraba. Ikunje nusu, kisha nusu tena, upate mraba mdogo. Tafuta pembe ile isiyofunguka: ndiyo kitovu cha karatasi yote. Kunja tena mshazari kuanzia pembe hiyo, upate umbo la pembe tatu. Sasa una ncha mbili nyembamba, moja ya kitovu na nyingine ya mbali. Kata kwa mstari mmoja, kutoka ncha ya mbali mpaka katikati ya ubavu mfupi utokao kwenye kitovu. Fungua kipande chenye kitovu: ni nyota ya ncha nne. Fanya ya pili, uigandishe juu ya ya kwanza, ncha zake zikae katika nafasi za mwenzake, nawe utakuwa na nyota ya ncha nane. Gundi ikikauka, ipake mafuta ya mawese kidogo na kuipanguza. Karatasi itapitisha mwanga kama kioo chenye rangi. Itundikeni dirishani, au wekeni tochi nyuma yake. Mshumaa na kibatari visiikaribie kamwe! Karatasi yenye mafuta huwaka upesi, na nyumba iliyoezekwa kwa majani huteketea kabla ya jirani kufika na ndoo.

Dominika ya pili: pango na wanyama. Karatasi ya simenti ifinyangwe mikononi mpaka ilegee, kisha ifunguliwe na kupakwa makaa. Itafanana na jiwe. Iegemezeni kwenye kikapu kilicholazwa, na juu wekeni majani ya mangongo, kama tunavyoezeka nyumba zetu. Kwa kutengeneza mnyama, kunja karatasi nusu, mgongo uwe kwenye mkunjo. Chora mwili na miguu miwili, ukate pande zote mbili pamoja bila kuukata mkunjo wa mgongo. Ukifungua kidogo, mnyama atasimama kwa miguu minne. Kichwa kikatwe peke yake na kugandishwa.

Dominika ya tatu: Bikira Maria, Mtakatifu Yosefu na wachungaji. Kata nusu duara, uizungushe mpaka kingo zikutane, ugandishe. Huo ni mwili uliovaa kanzu. Kichwa ni duara ndogo yenye shingo, igandishwe juu. Hori ni kisanduku cha kiberiti. Hori likae tupu mpaka usiku wa Noeli. Kila jioni, baada ya sala, mtoto aliyetenda jambo jema kwa siri aweke humo ukanda mmoja mwembamba wa karatasi, badala ya nyasi. Asiulizwe ni jambo gani.

Dominika ya nne: mnyororo wa jamaa. Hesabuni watu wote wanaolala katika nyumba yenu. Twaeni ukanda mrefu wa karatasi, mkaukunje mara mbele, mara nyuma, sehemu zote ziwe sawa, kila mtu apate sehemu yake. Juu ya sehemu ya kwanza mchoreni mtu aliyenyosha mikono mpaka kwenye mikunjo ya pande zote mbili. Kateni sehemu zote pamoja, lakini mikono isikatwe mahali pa mkunjo. Mkifungua, jamaa nzima itasimama imeshikana mikono. Andikeni majina, mkauzungushe mnyororo mbele ya pango. Wajane na mayatima huniuliza juu ya marehemu wao: hao wakatwe peke yao, mkawaweke juu, karibu na nyota.

IV. Mtu wa saba

Mwaka jana niliwafundisha watoto wa shule mnyororo huu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimewaeleza habari za Betlehemu, jinsi Maria na Yosefu walivyokosa mahali pa kulala, nami nilikuwa nimewalaumu sana wenye nyumba wa mji ule.

Katika darasa alikuwamo mtoto mmoja aliyefika kwetu kwa sababu ya mapigano ya Lubunga, yaliyoanza mwaka 2023 na kuwatoa watu wengi katika nyumba zao. Alikuwa akikaa kwa mjomba wake. Mnyororo wake ulikuwa na watu sita. Nyumba ile naijua, wanalala saba. Nikamwuliza: «Mwanangu, nani amebaki nje?»

Akajibu bila kuinua macho: «Ni mimi, mwalimu. Mimi nakaa tu pale.»

Nikampa ukanda mwingine aanze upya. Hakuupokea. Akasema: «Mjomba akiona saba, atauliza nani amenihesabu.»

Wasomaji wapenzi, sikuwa na neno la kumjibu. Tangu asubuhi nilikuwa nikiwashitaki watu wa Betlehemu, kumbe shauri lenyewe lilikuwa limeketi mbele yangu, kwenye benchi la tatu.

Jioni nilikwenda kwa mjomba wake na mnyororo ule. Sikwenda kumgombeza, kwa maana mtu yule si mbaya. Alimpokea mtoto wakati ambapo chakula hakikuwatosha wake wa kuzaa, na daftari zake alimnunulia. Ila neno moja hakuwahi kumwambia. Nikauweka mnyororo mezani, nikasema: «Mtoto wako ameukata shuleni.» Akauhesabu kwa kidole, akauhesabu tena. Kisha akaniuliza: «Wa saba yuko wapi?» Nikamjibu: «Nami niliuliza vivyo hivyo.» Nikaaga, nikaenda zangu.

Usiku wa Noeli tulizunguka nyumba kwa nyumba tukiimba. Katika nyumba ile watu walikuwa saba. Mnyororo ulikuwa umekatwa katikati, na kati ya mjomba na mkewe ametiwa mtu mmoja wa karatasi ya simenti, mwenye rangi ya udongo kati ya wenziwe weupe wa daftari. Gundi ilionekana wazi mikononi mwake. Walisemezana nini sijui. Mtoto alinivuta kanzu, akanionyesha kwa kidole: «Huyu, mwalimu.»

V. Tufikiri

Mnyororo wa karatasi haupokei mtu katikati usipokatwa kwanza. Wawili waachane mikono, kisha kila mmoja amshike mgeni. Ndivyo ilivyo katika nyumba zetu. Kumpa yatima mkeka na sahani ni wema mkubwa, tena ni wajibu. Lakini mtoto hujua kama amehesabiwa au hakuhesabiwa, hata asiposema. Na wapo wengine wasiohesabiwa: mtoto asingiziwaye uchawi kwa sababu nyumba imepata msiba, bibi kizee aliaye pekee nyuma ya jiko, binti aliyerudi kwao na mimba.

Bwana Wetu alizaliwa mahali pa wanyama, na baadaye akawa mkimbizi katika nchi ya Misri, amebebwa na Yosefu, ambaye hakumzaa, lakini alimhesabu kuwa mwana wake. Anayelipamba hori kwa karatasi nzuri na kumwacha mtu mmoja nje ya hesabu ya nyumba yake, amefanya kazi ya mikono tu.

Baada ya sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, pango likunjwe vizuri na kuwekwa mahali pakavu. Ikiwa Padri amelibariki nalo limeharibika, lichomwe moto kwa heshima, lisitupwe jalalani. Mnyororo lakini uacheni ukutani mwaka mzima.

Maswali ya kujibu nyumbani

1. Kwa nini Mtakatifu Fransisko hakuhitaji sanamu katika Greccio?
2. Kwa nini hori hukaa tupu mpaka usiku wa Noeli?
3. Yosefu alimtendea nini Mtoto Yezu, naye hakuwa amemzaa?
4. Katika nyumba yetu wanalala watu wangapi? Kila mtu ajibu peke yake, na mdogo ajibu kwanza. Hesabu zikitofautiana, msiende kulala kabla hamjajua sababu.

Kusudi la juma

Kabla ya Dominika ya nne, nitamwita kwa jina mtu mmoja wa nyumba yangu ambaye sijazoea kumwita, nami nitaketi naye kula.