Kipimo Kimoja Hakitoshi

Nikiwa fildi Newala, niliombwa nichague pa kuweka modemu ya shule. Nikasoma simu mara mojamoja: ofisini dBm -95, maktaba -98. Namba iliyo karibu na sifuri ndiyo imara, nikasema ofisini. Kesho yake maksi za wanafunzi ziligoma kwenda.

Kosa langu? Haraka. Mawimbi hugonga kuta, miti na watu, yakikutana husaidiana au hufutana. Namba haitulii hata ukisimama palepale. Na dB 3 si mchezo: ni nguvu mara mbili.

Nikarudia: vipimo vitano kila chumba, nikisubiri sekunde kumi kati yake, kisha nikachukua cha katikati. Ofisini -104, maktaba -97. Modemu ikahama.

Basi tupime mara mia? Hapana, kipindi ni dakika 40. Ukiongeza vipimo mara nne, kuyumba hupungua kama nusu tu. Tofauti ikiwa dB 2, ongeza vipimo. Ikizidi 10, vitano vinatosha. Masasi, mbele na nyuma ya mwamba, utaiona mapema tu.

Mnaokwenda fildi, jaribuni na Kidato cha Tatu. Bando halihitajiki.