PUNDA WA LAMU

Kwetu Minova mizigo huenda kwa chukudu na migongoni mwa mama zetu. Kisiwani Lamu, nchi ya Kenya, njia ni nyembamba. Punda ndiye mchukuzi wa mchanga na mawe. Shogi, yaani mifuko yake ya mzigo, ikikaa vibaya humchubua mgongo. Bwana wake ni maskini: punda akipumzika, watoto watakula nini? Lakini kidonda kisipotibiwa, kazi yenyewe itakwisha. Mwaka 1987 chama cha Uingereza cha kutunza punda kilifungua huko nyumba ya dawa, nao punda wakatibiwa bure. Punda hawezi kusema, «Nimechoka.» Basi wewe unayempakia, tazama mgongo wake kwanza.

Maulizo
1. Shogi ni nini?
2. Kwa nini ilifaa punda watibiwe bure?