Jua haki zako: Kabla hujatoa fedha ya pamba, omba kuona leseni

Msimu wa pamba ukifunguliwa, fedha huingia Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega kwa mkupuo. Mkulima hulipwa na chama chake cha ushirika (AMCOS), akamaliza madeni ya palizi na viuatilifu, akabakiwa na laki kadhaa za ada ya shule, bati au plau. Siku hizo hizo hufika wageni gulioni wakiwa na fulana zenye nembo na simu zilizojaa picha za watu wanaohesabu noti.

"Mayu, weka laki moja tu. Baada ya miezi minne unachukua laki na sabini. Jirani yako ameshachukua yake."

Sheria ya Tanzania ina la kusema juu ya maneno hayo. Lakini kinga yake ina nguvu zaidi kabla hiyo laki haijatoka mkononi mwako. Ikishatoka, sheria inaweza kumfunga tapeli, ila si rahisi kurudisha fedha ambayo imeshaliwa.

Hesabu ya laki na sabini

Tuseme watu 100 wameweka laki moja kila mmoja. Mkusanyaji ana milioni 10, na baada ya miezi minne anadaiwa milioni 17. Kama hakuna biashara yoyote inayozalisha, lazima apate watu wapya 70 ili kuziba pengo. Hao 70 nao watadai milioni 11.9, na sanduku limeshakauka, hivyo wanahitajika wapya 119. Ili hao 119 walipwe, wanahitajika wengine zaidi ya 200. Hapo mkusanyaji hajachukua hata shilingi ya kwake. Jirani yako alilipwa kweli, lakini alilipwa kwa fedha ya mtu aliyeingia nyuma yake.

Ahadi ya namna hiyo imeshafika mahakamani. Mwaka 2020 mkurugenzi wa kampuni ya Mr Kuku Farmers alishtakiwa katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Mashtaka yalitaja faida ya asilimia 70 kwa miezi minne na asilimia 90 kwa miezi sita, kwa jina la ufugaji wa kuku. Kabla yake kampuni ya DECI iliwaalika watu "kupanda mbegu" na "kuvuna", lugha waliyoizoea makanisani. Ilifungwa mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Februari 2025 ikawa zamu ya LBL, iliyowaahidi watu malipo kwa kutazama matangazo kwenye simu, na polisi wakakamata watu katika mikoa kadhaa. Kuku, mbegu na matangazo vilikuwa vifuniko tu. Ndani yake mlikuwa na hesabu ile ile.

Sheria inasema nini

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakataza biashara ya upatu wa aina hii. Haimtazami mwanzilishi peke yake. Anayeusimamia au kuwashawishi wengine waingie anaweza naye kushtakiwa. Kwa hiyo ukimwingiza shemeji yako ili upate kamisheni, unaweza kuhama kutoka upande wa aliyeibiwa kwenda upande wa mshtakiwa.

Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 inakataza mtu yeyote kupokea amana za umma bila leseni ya Benki Kuu. Fedha iliyo katika benki yenye leseni inalindwa na Bodi ya Bima ya Amana, hadi shilingi milioni 7.5 kwa mwenye akaunti katika benki moja. Fedha uliyompa wakala wa gulioni haina kinga hiyo.

Mchezo wa kina mama, ambapo kila mmoja anachukua kile kile ambacho wenzake wamechanga kwa zamu, haumo katika lawama hii. VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa vya jamii, nazo ni halali na zinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mradi zisajiliwe kupitia halmashauri.

Mwulize wakala haya

Una haki ya kuuliza, na mwenye biashara halali hachukii kuulizwa.

1. *Leseni ya kupokea fedha za umma iko wapi?* Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kinaonyesha tu kwamba kampuni imesajiliwa. TIN ni ya kodi. Leseni ya kukopesha ya daraja la pili nayo haimruhusu mtu kupokea akiba. Benki Kuu ina orodha ya taasisi zenye leseni kwenye tovuti yake, na ina tawi Mwanza.

2. *Faida inatoka wapi?* Akianza kuzungumzia watu utakaowaleta badala ya bidhaa inayouzwa, umeshapata jibu.

3. *Kwa nini leo?* "Nafasi zinaisha jioni" ni maneno ya kukunyima muda wa kumuuliza mwanao au ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

4. *Fedha inakwenda kwa nani?* Ukipewa namba ya simu yenye jina la mtu binafsi badala ya akaunti ya kampuni, acha.

Ukishatapeliwa

Usinyamaze kwa aibu. Ukimya wako humpa tapeli nafasi ya kuhamia kijiji cha pili.

Kama umetuma fedha kwa simu, piga mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wako uombe muamala uzuiwe. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, pamoja na namba iliyoutuma. Usifute kitu: ujumbe wa muamala, sauti za WhatsApp, picha, stakabadhi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani.

Nenda polisi na kiasi kamili ulichopoteza kikiwa kimeandikwa, kisha omba namba ya RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yako. Kuripoti uhalifu hakulipiwi. Kiasi hicho ni muhimu, kwa sababu mahakama ikimtia mtu hatiani ina mamlaka ya kuamuru alipe fidia. Mkiwa wengi, nendeni pamoja. Kama huna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wananchi bure. Ofisa maendeleo ya jamii atakuelekeza walipo.

Msiende kubomoa nyumba ya wakala wala kumpiga. Mtageuka washtakiwa, na fedha haitarudi. Pia mjihadhari na anayekuja baadaye akidai ada kidogo ili "awafuatilie" fedha zenu. Huyo ni tapeli wa pili.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Katika ule unaotangulia msimu, ombeni ajenda hii iwekwe, na azimio liandikwe kwenye muhtasari: anayetaka kukusanya akiba au uwekezaji kijijini aonyeshe kwanza leseni, na mtendaji aithibitishe Benki Kuu. Azimio hilo halina gharama, na litamkuta tapeli mlangoni kabla hajamfikia mama mwenye laki yake ya ada.