Pana Kiasi, Nyepesi Kiasi: Somo la Lenzi Kutoka Fildi

Wanachuo wenzangu, wengi wetu tunapiga picha kwa simu na maisha yanaenda. Ila wapo wachache waliokutana na kamera kubwa, ile ya kujifunika kitambaa cheusi kichwani, inayotumia filamu ya karatasi moja moja ya inchi 4 kwa 5. Makala hii ni yao, na ya yeyote anayebeba mzigo asijue kwa nini kaubeba.

Mwaka jana nilikuwa fildi ya ualimu katika sekondari moja huko Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Palikuwa na jengo la zamani la madarasa mawili, limepangiwa kubomolewa mwisho wa muhula. Kidato cha nne wakaniomba: "Mwalimu, tupige na darasa letu kabla halijavunjwa." Nikakubali haraka, maana mjomba wangu aliyewahi kuwa na studio Tanga huniazima kamera yake.

Mara ya kwanza nilibeba lenzi ya milimita 90. Hesabu yangu ilikuwa ya kijinga: uwanja ni mfinyu, basi nichukue iliyo pana kuliko zote. Nikawapanga mstari mmoja mrefu, nikasogea karibu, nikapiga. Filamu iliposafishwa, wa katikati walikuwa sawa, wa pembeni wamevutika kama unga wa chapati. Msichana wa mwisho kushoto alijitazama akasema, "Mwalimu, huyu si mimi." Hakuwa anatania.

Jumamosi nikateremka Tanga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeharibu?"

"Nimeharibu."

Akacheka, kisha akaniuliza maswali matatu. Hayo ndiyo somo lenyewe.

Swali la kwanza: utasimama wapi? Kwenye filamu ya 4 kwa 5, upande mrefu unaopokea picha ni kama milimita 120. Kwa hiyo chukua upana wa kitu unachopiga, zidisha kwa fokasi ya lenzi, gawanya kwa 120. Jengo letu lilikuwa na upana wa mita 12. Lenzi ya 150, ambayo ndiyo ya kawaida kwa filamu hii, inataka usimame mita 15. Ya 135 inataka mita 13.5. Ya 120 inataka mita 12, na ya 90 mita 9. Uwanja wetu ulikuwa na mita 14, baada ya hapo ni bonde. Yaani ya 150 ilikosa mita moja tu, na mimi nikaruka hadi 90! Kadiri lenzi inavyokuwa pana, ndivyo nyuso za pembeni zinavyovutika. Katikati ya hizo mbili kuna kundi la 120, 125 na 135: pana, lakini kiasi. Kwa waliozoea kamera ndogo ya filamu ya milimita 35, ni kama kutumia lenzi ya 34 hadi 38.

Swali la pili: utaipandisha kiasi gani? Raha ya kamera kubwa ni kwamba unaweza kuinua lenzi peke yake bila kuinamisha kamera, na kuta zikabaki wima. Lakini lenzi hutupa picha ya duara, na duara hilo lazima lifunike filamu yote, ambayo kutoka kona hadi kona ni kama milimita 153. Kinachozidi hapo ndiyo nafasi yako ya kuisogeza. Mjomba alikuwa na mbili. Nikkor-W 135 f/5.6 ina duara la kama milimita 200 ukiifunga hadi f/22. Nikkor-SW 120 f/8 ina milimita 312. Macho yakanitoka kwenye 312.

"Kwani unapiga ghorofa?" akauliza.

Tukapiga hesabu. Kwa duara la 200, filamu ikiwa imelala, naweza kuinua lenzi sentimita 3. Nikisimama mita 13.5, kila sentimita kwenye filamu ni mita moja pale ukutani. Kwa hiyo ninapata mita 3 za juu: zinatosha kupunguza vumbi la mbele na kuingiza mikaratusi iliyo nyuma ya paa. Zaidi ya hapo ningekuwa nabeba duara nisilolitumia.

Swali la tatu: nani anabeba? Ile ya 120 ina gramu 610, ya 135 ina kama 200. Utasema tofauti ni ndogo. Sawa, ongeza kamera, stendi, vibebeo vya filamu na maji, halafu panda mlima. Tena kamera nyepesi ya mbao ikiwekewa lenzi nzito, mbele huweza kuinama na fokasi ikahama. Filta za ile kubwa ni za milimita 77, za ndogo ni 52, na bei zake hazifanani. Na f/5.6 inaingiza mwanga mara mbili ya f/8, jambo unalolishukuru ukiwa chini ya kitambaa asubuhi ya ukungu.

Ya 120 ina kazi yake: majengo marefu, mitaa myembamba. Kazi yangu haikuwa hiyo.

Nilipanda tena na ya 135 na filamu mbili. Upande mmoja wa paa ulikuwa umeshavuliwa mabati. Safari hii niliwapanga safu mbili, nikaacha nafasi pembeni. Yule msichana akasimama palepale kushoto. Nilipompa picha aliitazama muda mrefu, akaiingiza ndani ya daftari bila kusema kitu. Jengo leo halipo.

Basi, kabla hujatoa hela ya bumu kununua lenzi, chukua futi kamba uende mahali unapopiga picha mara nyingi. Pima upana, pima pa kusimama, gawanya. Kisha lipakie begi lako lote, utembee nalo nusu saa. Ukirudi utakuwa unajua ya kununua.