Mtapo Dume Usio na Jike

Mtapo ni mti ambao watu wa pwani ya Kenya na Tanzania waujua, ingawa wengi hudhani ni jamaa ya mnazi au mtende kwa sababu ya makuti yake. Sivyo. Mtapo hauchanui ua hata moja. Badala yake huzaa koni, yaani kitu kama gunzi kubwa la mahindi lenye magamba, kitokacho katikati ya makuti.

Tena mitapo ni kama mifugo: huu ni dume, ule ni jike. Koni ya dume hutoa unga. Koni ya jike huzaa mbegu. Kabla koni hazijatoka, hata bingwa wa mimea hawezi kuutazama mti na kusema ni dume au jike. Wachukuao unga ni wadudu wadogo wa jamii ya fukusi. Koni ya dume ikiiva hupata joto na kutoa harufu kali. Wadudu huzaana humo, kisha hutoka wametapakaa unga na kupenya katika nyufa za koni ya jike. Basi jike asipokuwa karibu, taabu yao yote ni bure.

Jambo hilo lilidhihirika Afrika ya Kusini. Mwaka 1895 Bwana John Medley Wood, mtunzaji wa bustani ya mimea ya Durban, aliona katika msitu wa Ngoye, nchi ya Wazulu, mtapo wa namna ya peke yake, wenye mashina kadhaa. Mti huo, ambao baadaye uliitwa kwa jina lake, ulikuwa dume. Chipukizi lake moja lilifika bustani ya Kew, London, mwaka 1899, na shina la mwisho liliondolewa msituni mwaka 1916. Jike ametafutwa sana, na miaka hii hata kwa ndege ndogo zisizo na rubani, hajaonekana.

Leo mitapo ya namna hiyo imo katika bustani nyingi duniani, yote madume, kwa kuwa yote yatokana na machipukizi ya mti ule mmoja. Ule wa Kew ulikaa zaidi ya miaka 100 ndipo ukazaa koni, mwaka 2004. Unga wa madume hayo umekwisha kutiwa katika koni za majike ya aina nyingine iliyoko Natal, na miche ikapatikana, lakini ni machotara.